Tuzo Isiyomwogopa Mkosoaji: Namna ya Kuwaheshimu Viongozi Bora wa Wanafunzi

Chuo kikuu kinapomtunuku mwanafunzi kwa sababu ya uongozi wake, hakimsifu yeye pekee, bali huwatangazia wanafunzi wengine wote ni kiongozi wa aina gani kinatamani kumwona na ni wa aina gani kingependa asizuke kamwe. Ndiyo maana suala la kuwatambua viongozi bora wa wanafunzi, ambalo kwa kawaida huachiwa ofisi ya masuala ya wanafunzi na kumalizwa kwa cheti, kikombe na picha ya pamoja, linastahili kutazamwa kwa makini zaidi, hasa katika nchi kama Kenya, ambayo kwa miaka mingi iliwafunga gerezani viongozi wa namna hiyo. Hoja ya makala haya ni kwamba tuzo ya uongozi inayotolewa na chuo ina thamani pale tu ambapo hata mwanafunzi aliyekipinga chuo hicho kwa haki anaweza kuipata, na kwamba ushahidi wa ubora wake hautafutwi katika kumbi za chuo peke yake, bali pia katika mitaa kama Obunga jijini Kisumu, ambako gharama ya uongozi mbaya wa vyuoni hulipwa na watu wasio na kura ndani ya vyuo hivyo.

Obunga ni mtaa wa watu wa kipato cha chini ulio kaskazini mwa katikati ya jiji, karibu na eneo la viwanda, na ndani yake mna vijiji kama Sega Sega, Kasarani na Kamakowa. Mtaa huu unajulikana sana kwa biashara ya mgongo wazi, yaani vichwa na mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kukata minofu ya kuuzwa nchi za nje, ambayo wanawake wa mtaa huinunua, kuikaanga na kuiuza kwa wakazi wasiomudu samaki mzima. Kutokana na mapato ya aina hiyo hulipwa karo za watoto wanaokwenda Chuo Kikuu cha Maseno, kilicho kando ya barabara ya Kisumu kuelekea Busia, au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, au vyuo vya mbali zaidi. Chuo kinapofungwa kwa sababu ya ghasia za uchaguzi au mgomo ulioendeshwa vibaya, mzazi wa Obunga hulipa nauli mara mbili, humlisha kijana ambaye bajeti ya nyumba haikuwa imemhesabu, na huona mwaka wa kuhitimu ukisogezwa mbele. Yeye basi ni mdau halisi wa uongozi wa wanafunzi, ingawa hakuna anayemwomba maoni wakati wa kuwachagua viongozi hao wala wakati wa kuwatunuku.

Mwambao wa Ziwa Viktoria una historia ndefu ya vijana wa shule kusimama na kusema, na historia hiyo inaonyesha jinsi mamlaka zilivyowashughulikia. Mwaka 1908, miaka miwili tu baada ya wamisionari wa Kianglikana kuanzisha shule ya Maseno, wanafunzi waligoma wakipinga kazi nyingi za mikono na kudai masomo zaidi ya kusoma na kuandika. Baadhi ya waliopitia shule hiyo ndio waliokusanyika Lundha, katika eneo la Gem, tarehe 23 Desemba 1921, wakaunda Chama cha Vijana wa Kavirondo chini ya Jonathan Okwiri, kilichopinga kipande, kodi za kichwa na za nyumba, kazi za kulazimishwa na hatua ya kuigeuza nchi kuwa koloni. Serikali ya kikoloni haikuhitaji kuwafunga wote. Mwaka 1923 chama hicho kiligeuzwa kuwa Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo, kikiongozwa na Arkidikoni mmisionari Walter Owen, ambaye kwa kweli aliwatetea wananchi katika mambo kadhaa, lakini ambaye chini yake mkazo ulihama kutoka madai ya kisiasa kwenda usafi, vyoo na upandaji miti.

Tukio la 1923 ni muhimu kwa mjadala huu kwa sababu linafunua njia ya pili ya kumshughulikia kiongozi kijana, ambayo ni laini kuliko adhabu lakini pengine ina matokeo ya kudumu zaidi, nayo ni kumpa heshima kwa masharti. Hakuna ubaya wowote katika vyoo na miti, na mkazi wa Obunga, ambaye kipindupindu kwake si habari ya vitabuni, angekuwa wa mwisho kuvidharau. Kasoro iko pale ambapo mwenye mamlaka ndiye anayeamua peke yake kwamba kuchimba choo ni uongozi na kuuliza kodi inakwenda wapi ni utundu. Tuzo nyingi za vyuo vikuu vya leo, bila ya watoaji wake kukusudia, hufuata mstari huohuo: mwanafunzi aliyeongoza zoezi la kusafisha soko hupigiwa makofi, huku aliyeuliza kwa nini ada ya matibabu hukatwa kila muhula na dawa hazipo akiitwa mbele ya kamati ya nidhamu.

Baada ya vyuo vikuu kuanzishwa Afrika Mashariki, adhabu ndiyo iliyotawala. Katika Chuo cha Makerere, mgomo wa mwaka 1952 uliohusu chakula ulisababisha kufukuzwa kwa baadhi ya wanafunzi, akiwemo Abu Mayanja, aliyekuja kuwa mmoja wa wanasiasa wakubwa wa Uganda, na Mkenya Josephat Karanja. Karanja huyohuyo ndiye aliyeshika usukani wa Chuo Kikuu cha Nairobi kama naibu chansela kilipopata hadhi kamili mwaka 1970, na katika muongo huo chuo hicho kilifungwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya migomo ya wanafunzi. Dar es Salaam nako, mwaka 1971, Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa rais wa chama cha wanafunzi, aliondolewa chuoni kwa mikono ya askari na kurudishwa kwao baada ya kuuandikia uongozi wa chuo barua ya wazi ya kuukosoa. Hayo yalitendeka katika chuo kilichosifika kwa mijadala ya ukombozi, jambo linaloonyesha kwamba hata taasisi yenye siasa za kimaendeleo hupata taabu kumvumilia mkosoaji wa ndani.

Nchini Kenya hali ilifikia kilele katika miaka ya 1980. Titus Adungosi, mwenyekiti wa kwanza wa Chama cha Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichojulikana kwa kifupi kama SONU, alikamatwa baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, akahukumiwa kifungo cha miaka kumi kwa kosa la uchochezi, na akafia gerezani mwaka 1988. Mwandawiro Mghanga, kiongozi mwingine wa wanafunzi wa Nairobi, alifukuzwa chuoni kufuatia misukosuko ya Februari 1985 na baadaye akafungwa. Robert Wafula Buke, aliyechaguliwa kuongoza SONU mwaka 1987, alitiwa mbaroni Novemba mwaka huohuo, akahukumiwa miaka mitano kwa tuhuma za kuifanyia Libya ujasusi, na chama chenyewe kikapigwa marufuku. Hatari haikwisha na utawala wa chama kimoja, kwani mnamo Februari 2018 Evans Njoroge, katibu mkuu wa chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Meru, aliuawa kwa risasi wakati wa maandamano ya wanafunzi. Kwa hiyo mtu anayezungumzia viongozi bora wa wanafunzi nchini Kenya hawezi kulichukulia suala hili kana kwamba ni la vikombe na vyeti tu. Anazungumzia wadhifa ambao waliowahi kuushika kwa ujasiri walilipa kwa masomo yao, kwa uhuru wao, na wengine kwa uhai wao.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi, siasa za nje ziligeuka kuwa mtoaji mkuu wa tuzo ya uongozi wa wanafunzi. Hilo halikuwa jambo geni kabisa, kwa kuwa James Orengo, kiongozi wa wanafunzi wa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliingia bungeni akiwakilisha Ugenya mwaka 1980, akawa Seneta wa Siaya mwaka 2013 na Gavana wa kaunti hiyo mwaka 2022, na Mghanga aliiwakilisha Wundanyi bungeni kuanzia 2002 hadi 2007. Tofauti ni kwamba kwa kizazi hicho kiti cha ubunge kilitanguliwa au kufuatwa na miaka ya mateso, kizuizi au uhamisho, ilhali kwa kizazi kilichofuata njia ya kutoka kwenye kamukunji, yaani mkutano wa hadhara wa wanafunzi, hadi kwenye tiketi ya chama ilifupika sana. Paul Ongili Owino, maarufu kama Babu Owino, kijana aliyekulia katika mitaa ya Kisumu, aliiongoza SONU kwa vipindi kadhaa na mwaka 2017 akachaguliwa mbunge wa Embakasi Mashariki. Mafanikio yake yaliwapa vijana wengi wa mitaa ya chini sababu ya kuamini kwamba asili ya mtu haimfungii mlango, na si haki kuyabeza. Lakini matokeo yake kwa vyama vya wanafunzi yalikuwa kwamba wadhifa wa mwaka mmoja ulianza kugombewa kwa fedha na kwa nguvu, kwa sababu kila mgombea aliona nyuma yake kiti kingine kikubwa zaidi.

Uchaguzi wa SONU wa Aprili 2016 ulifuatiwa na ghasia zilizofanya Chuo Kikuu cha Nairobi kifungwe, na mwishoni mwa mwaka huohuo Bunge liliifanyia marekebisho Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Kwa mujibu wa marekebisho hayo, wanafunzi hawapigi tena kura ya moja kwa moja kumchagua mwenyekiti wao. Badala yake kila idara, shule au kitivo huchagua wajumbe watatu, na wajumbe hao ndio wanaolichagua baraza la wanafunzi. Mwenyekiti na makamu wake lazima wawe wa jinsia tofauti, na kiongozi hukaa madarakani mwaka mmoja akiwa na nafasi ya kuchaguliwa tena mara moja tu. Wapo waliosifu mfumo huo kwa kupunguza vurugu na gharama, na ni chini yake ambapo Anne Mvurya alikuja kuwa mwanamke wa kwanza kuwaongoza wanafunzi wa Nairobi kupitia chama kilichochukua nafasi ya SONU. Wapo pia wanaosema kwamba wajumbe wachache ni rahisi kununuliwa na ni rahisi zaidi kutishwa na utawala wa chuo kuliko halaiki ya wapiga kura. Pande zote mbili zina ukweli wao, lakini hata pale uchaguzi unapokuwa safi, kura huonyesha tu nani aliaminiwa kabla ya kazi, na haiwezi kuonyesha nani aliifanya.

Pengo hilo kati ya kuaminiwa na kutenda ndilo ambalo tuzo ingepaswa kuliziba, na ndilo ambalo tuzo za sasa huliacha wazi zinapotolewa kwa kufuata vyeo. Ikiwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina wanatunukiwa kwa sababu tu wamemaliza muhula wao, tuzo hiyo ni sehemu ya marupurupu ya kazi, na haiwaambii wengine chochote kuhusu ubora. Sheria yenyewe inalipa baraza la wanafunzi majukumu yanayoweza kupimwa: kupanga na kusimamia shughuli za wanafunzi, kuwakumbusha wakuu wa chuo mahitaji maalumu ya baadhi yao, na kupeleka mapendekezo kwa seneti, ambacho ni chombo cha juu cha taaluma chuoni, kuhusu ustawi wa wanafunzi wote. Kwa hiyo si vigumu kuuliza ni mapendekezo gani yaliyopelekwa, yalijibiwa vipi, na ni mwanafunzi yupi mwenye ulemavu anayeingia darasani leo kwa sababu kiongozi fulani hakukubali kunyamaza mpaka njia ya kiti cha magurudumu ijengwe.

Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya uongozi chuoni hufanywa na watu wasio na cheo kinachotangazwa. Mwakilishi wa darasa ndiye anayefuatilia alama zinazopotea, yaani matokeo ya mitihani iliyofanywa lakini yasiyoonekana kwenye kumbukumbu za chuo, tatizo ambalo limewachelewesha wengi kuhitimu. Mwanafunzi mwenzake, asiye na cheo chochote, ndiye anayegundua kwamba fulani hajala kwa siku mbili, anayeanzisha mchango mtu anapofiwa, au anayempeleka hospitalini usiku aliyezidiwa na msongo wa mawazo. Tangu mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu utangazwe Mei 2023, ambao humweka mwanafunzi katika kundi la ufadhili kulingana na makadirio ya uwezo wa familia yake, kazi nyingine imezaliwa, nayo ni kuwasaidia wenzao kukata rufaa wanapopangwa katika kundi lisilo lao. Mama anayeuza mgongo wazi hana hati ya mshahara, mapato yake hupanda na kushuka kwa kadiri samaki wanavyofika viwandani, na mwanawe anahitaji mtu anayejua namna ya kuyaeleza maisha hayo katika fomu iliyotungwa na watu wanaolipwa kila mwisho wa mwezi. Mwanafunzi anayekaa na wenzake ishirini mmoja baada ya mwingine mpaka fomu zao zikubaliwe ameongoza, hata kama jina lake halijawahi kuchapishwa kwenye bango.

Uzoefu wa vyuo vya nchi nyingine unaonyesha kwamba wazo hili la kuupanua uwanja wa uongozi si geni. Nchini Marekani, jumuiya ya heshima iitwayo Omicron Delta Kappa ilianzishwa tarehe 3 Desemba 1914 katika Chuo Kikuu cha Washington and Lee, jimbo la Virginia, kwa lengo la kuwatambua viongozi wa wanafunzi, na tangu mwanzo waanzilishi wake walisisitiza kwamba uongozi hauko katika serikali ya wanafunzi peke yake. Jumuiya hiyo huutafuta katika nyanja tano: taaluma, michezo, utumishi na serikali ya wanafunzi, uandishi wa habari na uzungumzaji, na sanaa. Mpango huo una faida ya kumwonyesha mhariri wa gazeti la wanafunzi na nahodha wa timu ya mpira kwamba nao wanaonekana. Hata hivyo, jumuiya za heshima za aina hiyo huwa na udhaifu unaopaswa kuepukwa, nao ni kwamba wanachama waliopo ndio wanaowachagua wanaoingia, na kwa njia hiyo kundi la watu wanaofanana huendelea kujizalisha mwaka baada ya mwaka.

Kwa upande mwingine, mwambao wa ziwa una mila zake za kusifu zinazoweza kuufundisha umma wa vyuoni. Katika sherehe za Waluo, pakruok ni desturi ambapo mtu huusimamisha muziki, hutoa fedha kwa mwanamuziki, kisha hujisifu au humsifu rafiki yake kwa majina ya ufasaha mbele ya hadhira. Ni sanaa inayopendwa, na haimdanganyi yeyote, kwa sababu kila aliyehudhuria ameiona fedha ikitolewa na anajua sifa hiyo imelipiwa na nani. Tuzo ya chuo hudai jambo lililo kinyume: hudai kwamba sifa zake hazikununuliwa kwa utiifu wala kwa ukaribu na wakubwa. Kwa kuwa hudai hivyo, ina wajibu wa kuonyesha hadharani ilivyofikiwa, na isipofanya hivyo inakuwa na uwazi mdogo kuliko pakruok.

Kipimo kinachofaa zaidi kimo katika vyama vya akiba, vile vikundi vya kuchangiana fedha ambavyo wanawake wafanyabiashara wa Obunga, kama wenzao wa mitaa mingine ya Kisumu, huviendesha kwa daftari na sanduku. Katika chama cha namna hiyo mweka hazina hasifiwi siku anayochaguliwa. Husifiwa mwisho wa mwaka, daftari linaposomwa kwa sauti mbele ya wanachama wote, kila mmoja akilinganisha kilichoandikwa na alichokitoa, na fedha zinapogawanywa bila ya pungufu. Wanaomsifu ndio ambao fedha zao zingepotea angekuwa mwizi, na miongoni mwao huwamo aliyemtilia shaka tangu mwanzo. Mambo matatu yanajitokeza hapo: heshima hutolewa baada ya hesabu, hutolewa na wale walioubeba mzigo wa hatari, na sauti ya aliyemshuku huwa na uzito kuliko ya rafiki. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo chuo kikuu chenye wahasibu, wanasheria na wataalamu wa takwimu kingeshindwa kulitekeleza.

Vyuo vikuu vya ukanda huu, vikiwa na nia ya kweli, vingeweza kuanza kwa kubadilisha wakati wa kutoa tuzo. Kiongozi asitunukiwe akiwa bado madarakani, wala katika wiki ya makabidhiano, bali mwaka mmoja baadaye, wakati hesabu za muhula wake zimekwisha kukaguliwa na waliomrithi wamekwisha kujua kama waliachiwa madeni au mafaili yaliyopangwa. Kwa wengi muda huo utaangukia karibu na mahafali, jambo ambalo lingelipa tendo hilo uzito wake mbele ya wazazi. Sharti la ukaguzi lingekuwa na faida nyingine pia, kwa maana lingemlazimu kila mweka hazina anayetamani kuheshimiwa aweke risiti tangu siku ya kwanza, na kumfanya kila mwenyekiti aandike alichoahidiwa na wakuu wa chuo, ili ahadi hiyo isife pamoja na muhula wake.

Hatua ya pili, iliyo ngumu zaidi, inahusu wanaoamua. Maadamu mteuzi ni ofisi ileile ambayo kiongozi wa wanafunzi anatakiwa kuiwajibisha, kila tuzo itanuka shukrani. Jopo la haki lingekuwa na wanafunzi waliopatikana kwa kura ya bahati nasibu kutoka vitivo mbalimbali, mhadhiri aliyependekezwa na chama cha wahadhiri, mfanyakazi aliyependekezwa na chama cha wafanyakazi wa vyuo vikuu, mhitimu mmoja, na wakazi wawili wa mitaa ambako wanafunzi hupanga vyumba, huku utawala wa chuo ukiwa na kiti kimoja kisicho cha mwenyekiti. Mkazi wa Obunga au wa mtaa unaopakana na chuo anajua mambo ambayo mhadhiri hayajui. Anajua kama viongozi waliwatuliza wenzao siku ya maandamano au waliwaelekeza kwenye vibanda vya watu, kama walilipa walichokula kwa mkopo, na kama mradi wa kufundisha watoto wa mtaa hesabu ulidumu baada ya picha kupigwa. Jopo hilo pia lingedai kwa kila anayependekezwa barua moja ya mtu aliyempinga, ikieleza kile ambacho mpinzani huyo anakikubali kuwa kilifanywa vizuri.

Kuhusu kinachotolewa, kombe la kioo halimsaidii sana kijana ambaye karo ya muhula wa mwisho bado inadaiwa. Kufutiwa sehemu ya deni, kupewa nafasi ya mafunzo kazini, na kuandikwa kwa utumishi wake katika hati rasmi anayotoka nayo chuoni kungekuwa na maana kubwa zaidi, hasa kwa mwanafunzi aliyetumia kwa wenzake saa ambazo wengine walizitumia kwa vibarua vya kujikimu. Sambamba na hilo, kila aliyetunukiwa aandikiwe maelezo mafupi ya alichokifanya, yakiwa na tarehe, kiasi cha fedha na matokeo, na maelezo hayo yahifadhiwe maktabani ili viongozi wajao wajue kazi ilifanyikaje. Vyama vya wanafunzi husahau haraka kwa sababu wanachama wake huondoka baada ya miaka minne, na kumbukumbu ya aina hiyo ingewapa wanaoingia mahali pa kuanzia.

Pingamizi kubwa litakalotolewa ni kwamba chuo hakiwezi kuwatuza waliokivuruga. Pingamizi hilo lina msingi, ila linachanganya mambo mawili ambayo Katiba ya 2010 imekwisha kuyatenganisha. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, mradi afanye hivyo kwa amani na bila silaha. Kiongozi aliyechoma ukumbi au aliyekodi wahuni wa kuwatisha wapinzani wake amejiondoa mwenyewe katika orodha, lakini aliyeongoza maandamano ya amani dhidi ya nyongeza ya karo ametumia haki yake, na akiwa ameyaongoza bila ya duka hata moja kuvunjwa, ameonyesha ustadi wa uongozi ambao ni nadra kuliko hotuba. Wengine watasema kwamba vyuo vyenye madeni ya mabilioni ya shilingi havina fedha za tuzo. Jibu ni kwamba kikao cha jopo na karatasi ya maelezo ni rahisi kuliko ukarabati baada ya ghasia, na kwamba mgogoro mmoja uliozuiwa na kiongozi anayeaminika huokoa zaidi ya gharama ya tuzo za miaka mingi.

Wapo pia wanaoshikilia kwamba kiongozi wa kweli hahitaji kusifiwa, na kwamba tuzo zitawazalisha watu wanaotumikia kwa ajili ya kuonekana. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama hali ya sasa ingekuwa haina tuzo kabisa, lakini sivyo ilivyo. Tuzo zipo tayari: vyama vya siasa hutoa tiketi kwa mwenye sauti kubwa, na wafadhili wa kampeni huwalipa wanaojua kukusanya umati. Chuo kinapokaa kimya hakiuachi uwanja bila mshindi, bali huwaachia wengine wamtangaze, kwa vipimo ambavyo havina uhusiano wowote na elimu wala na ustawi wa wanafunzi.

Kwa hiyo kila chuo kinachotaka kuheshimu uongozi kingepaswa kuipima tuzo yake kwa majina ya historia kabla ya kuipima kwa majina ya mwaka huu. Kama taratibu zake zingemtupa nje Akivaga kwa sababu ya barua yake ya wazi, au zingekwepa hata kulitaja jina la Adungosi kwa kuhofia wakubwa, basi hiyo ni tuzo ya utulivu, na iitwe hivyo. Kama zingewaruhusu watu wa aina hiyo kupendekezwa, kuchunguzwa hesabu zao na kuhukumiwa kwa matendo yao na jopo ambamo wenye chuo si wengi, basi chuo kitakuwa kimewaambia vijana wake kwamba kukosoa kwa ushahidi na kutumikia kwa uaminifu ni kazi moja. Hapo mzazi wa Obunga anayelipa karo kwa fedha za mgongo wazi atakuwa na sababu ya kuiamini karatasi ambayo mwanawe ataileta nyumbani.